Kuchagua chaki ya kerezo kwa shafti za pool: ishike sawasawa na isiache alama

Shafti ya fimbo ya pool haina pa kuficha kosa la fundi. Taya la chuma likiuma mti, mchezaji atalihisi kovu hilo kila fimbo inapoteleza juu ya vidole vyake. Na kiungo kikikatwa huku shafti inayumba, fimbo itaunganishwa ikiwa imepinda, na hakuna msasa utakaoinyoosha. Ndiyo maana kwa fundi anayetaka kutengeneza fimbo hapa Nairobi, awe na kibanda Kariobangi Light Industries au chumba cha nyuma kule Umoja, uamuzi mzito kuliko wote baada ya kupata kerezo ni chaki: ile pua ya mashine yenye taya, inayokamata kazi na kuizungusha.

Msimamo wangu nautanguliza ili ujue tunaelekea wapi. Usilipie usahihi ulioandikwa kwenye boksi. Lipia chaki yenye tundu la kutosha, na inayorudi palepale kila unapoifunga. Usahihi wenyewe, pamoja na kinga ya mti, utavitengeneza kwa mikono yako: bushi za plastiki, yaani mirija minene inayokaa kati ya taya na shafti, zilizotobolewa zikiwa ndani ya chaki hiyohiyo. Taya za chuma zisiguse mti hata siku moja.

Anza na kazi utakazofanya

Shafti ya kawaida ya pool ina urefu wa inchi 29, yaani takriban milimita 737. Kwenye ncha ina unene wa kati ya milimita 11.75 na 13, na kwenye kiungo, pale inapounganishwa na kitako, hufika kama 21.5. Za snooker ni nyembamba zaidi, 9 hadi 10 nchani. Kitako cha fimbo hufika milimita 32 au zaidi kidogo. Mti huwa ni mepo (maple) kwa shafti nyingi za Kimarekani, na eshi (ash) kwa fimbo nyingi za mtindo wa Kiingereza.

Kazi hazidai usahihi sawa. Kubandika na kusawazisha ncha ya ngozi kunavumilia kuyumba kwa sehemu ya kumi ya milimita, maana ngozi utaimalizia kwa kisu na msasa hadi ilingane na feruli, ile pete iliyo chini yake. Kuweka feruli mpya kunataka nusu ya hapo, yaani 0.05, la sivyo ukuta wa feruli utakuwa mnene upande mmoja. Kazi ya kiungo ndiyo isiyo na huruma, na hesabu yake ni hii. Tuseme geji, ile saa ya kupimia kuyumba, inaonyesha sifuri sehemu moja ya shafti, halafu inaonyesha kuyumba kwa 0.10 ukisogea milimita 100. Mhimili wa shafti umepotoka nusu ya namba hiyo, yaani 0.05 kwa kila milimita 100. Ukikata uso wa kiungo katika hali hiyo, kufikia kwenye ncha shafti itakuwa imetoka kwenye mstari kwa karibu milimita 0.37. Mwenye fimbo akiiviringisha mezani, ncha itapanda na kushuka kama robo tatu ya milimita, na ataiona.

Ukitaka kubadilisha ncha tu kwa vilabu vya mtaani, chaki ya kawaida na bushi nzuri zinakutosha. Ukitaka kutengeneza viungo, soma kila kitu kilicho hapa chini kabla ya kutoa pesa.

Pima mashine kabla ya kwenda dukani

Mambo matatu yanatosha: tundu la spindeli, yaani mhimili wa mashine unaozungusha chaki, namna chaki inavyofungwa kwenye pua ya spindeli, na kama spindeli yenyewe inazunguka sawa.

Tundu ndilo linaloamua ni kazi gani zinawezekana. Kwa kazi ya ncha, shafti huingizwa kutoka nyuma ya mashine, ncha ikitangulia, ikatokeza mbele ya chaki kama milimita 25 au 30. Sehemu iliyo ndani ya spindeli ni ile nyembamba, kwa hiyo hata mashine ndogo yenye tundu la milimita 20 inaipitisha. Kwa kazi ya kiungo, shafti huingia kutoka mbele, na sehemu nene ndiyo hubaki karibu na chaki. Tundu la 20 hapo linabana na shafti nyingi zitagusa ukuta. La 26 linatosha vizuri. Ukikusudia kushika vitako pia, tafuta mashine yenye tundu la 38.

Namna ya kufunga, yaani uzi, boliti au kamu, iandike na uipige picha. Wauzaji wengi watakuambia chaki "inaingia tu". Haiingii tu.

Kisha spindeli. Pata dayo geji inayosoma mia ya milimita, uisimamishe kwa kishikio cha sumaku, na uguse ukuta wa ndani wa spindeli pale senta inapokaa. Zungusha kwa mkono. Ikiyumba zaidi ya 0.02, shughulikia beringi kwanza. Chaki bora kuliko zote duniani haiwezi kuponya spindeli iliyolegea, na hapa mjini mashine kuukuu nyingi huuzwa kwa rangi mpya juu ya beringi zilizochoka.

Chaki zilizopo, na ninavyoziona

Ya taya tatu zinazosogea pamoja ndiyo utakayoikuta kila mahali. Ndani yake kuna skroli, sahani yenye mkondo wa kuzunguka unaosukuma taya zote kwa wakati mmoja. Mpya ya bei ya wastani huyumba kati ya 0.05 na 0.10. Ubaya wake kwa mti ni kwamba nguvu yote inapita kwenye mistari mitatu myembamba ya chuma kigumu, na mepo haiwezi kuistahimili. Lakini tabia yake moja inaiokoa: kosa lake, kwa unene uleule wa kazi, hurudi karibu vilevile kila mara. Kosa linalojirudia linaweza kusahihishwa.

Ya taya nne zinazojitegemea inaweza kuletwa hadi sifuri, kwa sababu kila taya unaisogeza peke yake huku ukitazama geji. Ni chaki ya kweli kwa fimbo iliyochongwa vibaya isiyo duara kamili. Ila inakula muda, na wateja wanaongoja mlangoni hawaelewi. Angalia sana lebo hapa: chaki za Kichina zenye alama ya K72 ndizo za taya nne zinazojitegemea. K12 nazo zina taya nne, lakini husogea pamoja kwa skroli. Kwa macho zinafanana, na ukichukua K12 ukidhani ni K72 umebeba kitu kingine kabisa. K11 ni ya taya tatu, K13 ya taya sita.

Taya sita hugawa nguvu mara mbili ya taya tatu, na kwa shafti ya duara safi iliyokwisha kupakwa vanishi ni raha. Kwa mti usio duara, taya mbili au tatu hazigusi kabisa, na hapo faida yote imepotea. Zipo pia chaki za kurekebishwa, zenye skrubu pembeni za kusukuma mwili mzima wa chaki hadi kuyumba kuishe: Buck ya Marekani huita zake Ajust-Tru, Bison ya Poland huita Set-Tru, na Pratt Burnerd ya Uingereza huita Griptru. Ukiona jina mojawapo kwenye mashine kuukuu inayouzwa Industrial Area, simama uipime. Lakini usikope kununua mpya. Nitakuonyesha namna ya kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa chaki ya kawaida.

Koleti za ER, vikamatio vya mviringo vyenye mipasuko vinavyosinyaa kushika kazi, zinastahili maneno zaidi, kwa kuwa watu wengi huambiwa ndizo jibu. Zilitoka Uswisi, kwa Rego-Fix, miaka ya 1970, na ni nzuri kwelikweli kwa fito za chuma. ER32 huishia milimita 20, kwa hiyo haishiki kiungo cha shafti. Unahitaji ER40, ambayo hufika 26. Kila koleti husinyaa milimita moja hivi. Tatizo ni kwamba tundu la koleti lina upana mmoja mwanzo hadi mwisho, na shafti haina unene mmoja. Shafti za mtindo wa pro huenda karibu sawa kwa inchi 10 hadi 14 kutoka kwenye ncha, na hapo koleti inashika kwa urefu wake wote bila alama. Ukifika kwenye kiungo, au kwenye fimbo ya snooker inayonenepa tangu ncha, koleti inauma mduara mmoja tu na shafti inabaki huru kucheza. Tena nunua ile inayofungwa kwa bamba mbele ya spindeli. Ile inayochomekwa ndani ya spindeli na kuvutwa kwa boliti ndefu huziba tundu lote.

Chaki za kuchimbia, za kukazwa kwa ufunguo wa meno, ziache kwenye drili.

Ukiniuliza ninunue ipi: K11 au inayolingana nayo, ya milimita 125. Ukubwa huo una tundu la 30. Ile ya 100 ina tundu la 22, ambalo linaipitisha shafti kwa kupangusa tu, na ya 80 ina 16, ambayo haifai kabisa. Vitako vitahitaji ya 160, yenye tundu la 40, ikiwa mashine yako inaweza kuibeba.

Kuipima chaki dukani

Nenda na kipande cha fimbo ya haidroliki yenye kromu, cha milimita 28, urefu wa milimita 150 hivi. Mafundi wa haidroliki wa Industrial Area hubakiwa na vipande kama hivyo. Vyuma hivi husagwa viwe duara na unene sawa, kwa hiyo unapata kipimio bora kwa bei ya chuma chakavu. Ukikikosa, fimbo ya shokomzoba isiyochubuka, kutoka kwa wauza spea wa Kirinyaga Road, inasaidia.

Kwanza fungua taya hadi mwisho na uzifunge hadi mwisho. Uzito uwe sawa safari nzima. Ikikwama mahali pamoja, skroli ina uchafu au jino limevimba. Shika kila taya kwa vidole uitikise. Kucheza kidogo ni kawaida, kugonga si kawaida.

Kaza kipande cha kromu, kisha utazame mwanga kati ya taya na chuma. Chaki iliyotumika sana hutanuka mdomoni: taya hushika kwa nyuma tu na mbele kuna upenyo. Hiyo ndiyo kasoro mbaya zaidi kwetu, kwa sababu kazi inapata nafasi ya kunesanesa. Angalia pia namba zilizochapwa kwenye taya, moja, mbili, tatu, zilingane na namba za mifereji. Taya za chaki mbili zikichanganywa hazitakaa sawa kamwe.

Muuzaji akiwa na mashine, omba aifunge. Pima kuyumba milimita 10 kutoka kwenye taya, kisha milimita 100. Namba ya kwanza isikutishe. Inayokuhusu ni tofauti ya mbili hizo, na zaidi ya hapo kurudia: legeza, zungusha kipande cha kromu, kaza, pima tena, mara tano. Kosa likibaki 0.08 upande uleule wa chaki kila mara, nunua. Likiruka mara 0.03, mara 0.11, huku likihama upande, iache hata kama bei ni tamu.

Kuifunga ili iweze kurekebishwa

Chaki hukaa kwenye bamba la nyuma, na bamba hukaa kwenye spindeli. Bamba likishafungwa kwenye mashine yako, uso wake ukerezwe palepale ili uwe sawa na spindeli hiyo. Bamba lina kitovu kinachoingia kwenye shimo la nyuma la chaki. Kwa kawaida hukerezwa kiingie kwa kubana. Wewe kikereze kiwe chembamba kuliko shimo kwa milimita 0.2 hadi 0.3.

Sasa weka chaki, kaza boliti kiasi cha kushika tu, na ufunge kipande cha kromu cha milimita 28. Weka geji karibu na taya. Zungusha kwa mkono hadi mahali palipo juu, ugonge mwili wa chaki hapo kwa nyundo ya plastiki, pole pole, na urudie. Utashangaa namna 0.08 inavyoshuka hadi 0.02 au chini yake. Kaza boliti kwa kupishana, kisha pima tena, kwa sababu kukaza huisogeza. Hii ndiyo kazi ya zile skrubu za pembeni za chaki za bei kubwa, na umeipata kwa nyundo.

Kuna sharti moja. Kosa la skroli hubadilika kadiri taya zinavyosogea, kwa hiyo sifuri uliyoipata ni ya milimita 28 tu. Basi bushi zako zote, za ncha, za feruli, za kiungo, zifanye ziwe na unene wa nje wa 28. Taya hazitahama mahali ulipozisahihisha. Mafundi wengi hukata kila bushi kwa unene wa kipande walichookota, halafu hulalamika kwamba chaki imeharibika.

Bushi: hapa ndipo kazi ilipo

Plastiki inayofaa ni asetali. Naila nayo hufanya kazi, lakini hunywa unyevu na kuvimba, na bushi iliyotobolewa Februari haitakuwa ileile masika yakishika Aprili. Shida ni kwamba fito nyeupe madukani zote huitwa naila. Zitofautishe hivi: koroga chumvi kwenye glasi ya maji hadi isiyeyuke tena, kisha utumbukize kipande. Asetali huzama. Naila ya kawaida huelea kwenye maji hayo ya chumvi, ingawa huzama kwenye maji matupu. Ikielea hata kwenye maji matupu, hiyo ni polithini, laini mno kwa kazi hii.

Chukua fito ya milimita 40. Kereza urefu wa milimita 55 uwe na unene wa 28, ukiacha ukosi wa milimita 5 mbele wenye unene wote wa 40. Ukosi huo utakaa kwenye nyuso za taya, ili bushi iingie kina kilekile kila siku. Toboa tundu dogo la kuanzia, pungufu ya saizi kwa milimita mbili au tatu.

Pasua bushi kwa msumeno wa chuma upande mmoja, kutoka nje hadi ndani, urefu wote. Kisha chora mifereji miwili kwa nje, kila mmoja theluthi ya mzunguko kutoka kwenye mpasuko, bila kufika ndani. Hiyo huisaidia kujikunja sawa. Mpasuko na mifereji ikae kati ya taya na taya, siyo chini yake. Piga alama kwenye ukosi mkabala na taya namba moja. Chagua pia tundu moja la ufunguo wa chaki, ulitie alama ya rangi, na kuanzia hapo ukaze kwa tundu hilo peke yake.

Kabla ya kutoboa kwa mara ya mwisho, chomeka kipande cha wembe wa msumeno, kilichosagwa meno, ndani ya mpasuko. Kina unene wa karibu 0.65, wakati mpasuko ni kama milimita 1. Kaza chaki hadi mpasuko ubane kipande hicho. Sasa toboa kwa kisu kikali hadi saizi ya shafti. Ukimaliza na kutoa kipande, bushi itakuwa na nafasi ya kubana zaidi, na inapobana shafti inarudi kwenye umbo lilelile ililotobolewa nalo. Bila kipande hicho utatoboa bushi ikiwa imefungwa kabisa, halafu ikose pa kukazia.

Plastiki hupata joto na kuvimba. Acha ipoe kabla ya mkato wa mwisho, na mkato huo uwe mdogo, 0.1 hivi. Nyuzi zinazotoka hujisokota kwenye kisu. Simamisha mashine ndipo uzitoe. Na stima ikipotea katikati ya mkato, zima swichi kwanza, kisha uondoe kisu kwenye tundu. Mashine nyingi kuukuu huanza zenyewe stima inaporudi.

Kwa bushi ya ncha ya shafti ya pro, tundu lenye upana mmoja linatosha. Kwa kiungo, tundu lazima lifuate mteremko wa shafti. Pima shafti kwa venia, kile kipimio cha unene, sehemu mbili zilizoachana milimita 50. Tuseme umepata 21.4 na 20.5. Tofauti ni 0.9, nusu yake ni 0.45, gawanya kwa 50, unapata 0.009, ambayo ni kama nusu digrii. Geuza kigari kidogo cha juu kwa pembe hiyo na utoboe kwa gurudumu lake. Nusu digrii inaonekana haina maana, lakini ukiipuuza bushi itashika mduara mmoja na kuacha sehemu iliyobaki hewani.

Mwelekeo ni muhimu: kwa kiungo, upande mpana wa tundu uko mbele, kwa sababu shafti inaingia kutoka mbele na kukaa kama kizibo. Kwa ncha ya fimbo ya snooker, upande mpana uko nyuma. Andika kwenye ukosi, kwa wino usiofutika, ni bushi ya nini na inaelekea wapi.

Jaribu mguso kwa kipande cha shafti kilichotupwa. Kizungushie karatasi nyeupe nyepesi, juu yake karatasi ya kaboni, upande wenye wino ukitazama ile nyeupe, kisha ukaze kwenye bushi. Fungua utazame. Alama zikienea urefu wote, bushi ni nzuri. Zikiwa ukanda mmoja mwembamba, rekebisha pembe. Usijaribu kusawazisha bushi mbaya kwa kuizungushia tepu. Tepu haina unene sawa ikibanwa, na gundi yake huachia shafti utando ambao mchezaji ataulaumu mkono wake kwa jasho.

Nyuma ya mashine

Chaki inashika shafti mahali pamoja tu. Sehemu iliyobaki, nusu mita au zaidi, inaning'inia ndani ya spindeli na kutokeza nyuma. Usipoishika, itapigapiga ukuta wa spindeli, mti utachubuka mahali usipopaona, na mhimili hautajulikana unaelekea wapi. Tengeneza bushi nyingine ya plastiki inayobana kwenye mdomo wa nyuma wa spindeli, yenye tundu la koni au skrubu tatu zenye vichwa vya naila za kusogeza shafti katikati. Kwa kazi ya kiungo hii si ziada. Ndiyo inayokupa sehemu ya pili ya kupimia.

Fimbo nzima isiyo na kiungo, zile za vilabu zenye urefu wa sentimita 145 hivi, hutokeza nyuma mbali sana na kitako chake kizito. Hiyo iegemezwe kwenye stendi yenye beringi. Mti mrefu usioegemezwa, mwendo ukipanda, hujikunja ghafla na kuchapa kila kilicho karibu. Weka kizuizi mtoto au mteja asipite nyuma ya mashine.

Kuishika shafti

Pangusa shafti kwa kitambaa kikavu na utazame kama imepinda, kwa kuiviringisha kwenye kioo bapa. Shafti iliyopinda haitasomeka sawa kwenye geji hata chaki iwe kamili, na mwenye mali aambiwe kabla, siyo baada.

Pangusa taya na ukosi wa bushi; chembe moja ya plastiki chini ya ukosi inatosha kuipinda. Ingiza bushi, alama ikitazama taya namba moja. Ingiza shafti, isukume ikae, kisha kaza kwa tundu lako la ufunguo kwa nguvu ya mkono mmoja, bila bomba la kuongezea. Jaribu kuizungusha shafti kwa kiganja: ikiteleza, ongeza kidogo tu. Bushi iliyotobolewa vizuri haihitaji ubabe.

Weka geji milimita 10 kutoka kwenye bushi na uzungushe chaki kwa mkono. Halafu, kwa kiungo, pima nyuma pia, na usogeze zile skrubu tatu hadi namba zote mbili ziwe ndani ya 0.02 au 0.03. Kumbuka mti wenyewe si duara kamili. Ukiona geji inapanda mara mbili kwa mzunguko mmoja, hilo ni yai kwenye mti, siyo kosa la chaki, na utagawa tofauti katikati.

Toa ufunguo kwenye chaki. Washa kwa mwendo wa chini, mizunguko 300 au 400 kwa dakika, usikilize. Kukiwa na mgongano wowote kutoka nyuma, zima. Kukiwa kimya, panda hadi mwendo wa kazi yako.

Ukimaliza, fungua na utazame mahali bushi iliposhika, taa ikimulika kutoka pembeni. Mti mtupu ukionyesha vivuli vitatu vyepesi, bushi ni nyembamba mno au umekaza kupita kiasi. Kibonyeo kidogo kwenye mti usio na vanishi huinuka kwa kitambaa chenye maji na pasi ya moto. Chini ya vanishi hakiinuki.

Kuitunza

Vumbi la mepo ni laini, na huingia kwenye skroli likachanganyika na grisi kuwa tope linaloharibu kule kurudia ulikokulipia. Kila baada ya miezi michache toa taya, zikiwa na namba zake, osha skroli kwa mafuta ya taa na brashi, kausha, paka mafuta mepesi kidogo tu, halafu rudisha taya kwa mpangilio. Baada ya hapo rudia kipimo cha kipande cha kromu cha 28, na ugonge upya ikihitajika.

Mafuta yaliyozidi ndiyo adui wa mwisho, kwa sababu chaki ikizunguka huyarusha, na mepo mtupu hunywa doa lisilotoka. Funga taya kwenye bushi tupu, tandaza gazeti kuukuu juu ya kitanda cha mashine chini ya chaki na ulibane lisipeperuke, kisha zungusha kwa dakika mbili. Gazeti likipata matone, zima, futa, urudie. Likibaki kavu, leta shafti ya mteja.